Kupunguza nguvu za injini kwa kompyuta: maswali ambayo wenye magari wa Lubumbashi hutuuliza mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara garajini. Yanaletwa na wenye Hiace za abiria, na wasimamizi wa magari ya kampuni zinazohudumia migodi, na wazazi ambao kijana wao amepata permi juzi tu. Tumeanza na yale ya msingi, tukamalizia na yale ya nadra. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, tunakupeleka kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Kupunguza nguvu za injini kwa kompyuta maana yake nini hasa?

Gari lenye injini ya elektroniki lina kompyuta yake, ile mafundi wa hapa wanaiita kalkulateri. Ndani yake mna majedwali mengi ya namba: mafuta kiasi gani kwa hewa kiasi gani, turbo isukume mpaka wapi, torki (tazama namba 2) isizidi ngapi. Dereva akikanyaga pedali anapeleka ombi tu. Kompyuta inalipima ombi hilo kwa majedwali ya mipaka, ndipo inaamuru injekta, turbo na mlango wa hewa.

Sisi tunaisoma programu hiyo, tunashusha baadhi ya mipaka, tunaiandika tena ndani. Hakuna chuma kinachobadilishwa. Viwanda vyenyewe hutumia njia hii kugawa injini ya aina moja katika madaraja: Ford Transit ya mazutu (dizeli) ya lita 2.2, kwa mfano, iliuzwa Ulaya kwa nguvu za farasi 100, 125 na 155.

2. Nguvu, torki na mwendo, si vyote kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya ndiko kunakowafanya watu walipie kazi wasiyoihitaji. Torki ni ukali wa msokoto unaozungusha ekseli ya injini. Nguvu ni torki ikizidishwa na wingi wa mizunguko: chukua torki kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9549, utapata kilowati. Kilowati 1 ni farasi 1.36 hivi.

Tuseme unataka injini isizidi kilowati 70. Kwenye mizunguko 2000 inaruhusiwa torki ya 334, kwenye 3000 ni 223, kwenye 4000 ni 167. Maana yake gari linaweza kubaki na mvuto wake wote wa chini, ule wa kuondoka na mzigo au kupanda kilima, huku likikosa pumzi ya juu tu. Kazi nzuri ya kupunguza nguvu huwa hivyo.

3. Ninachohitaji ni kikomo cha nguvu au cha mwendo?

Tueleze kinachokusumbua kwanza. Kama shofere anakimbiza gari kati ya hapa na Likasi, shida yako ni mwendo. Kenya iliziwekea matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004. Umoja wa Ulaya unayafungia malori makubwa kwenye 90 na mabasi kwenye 100. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, yanayojaa katika barabara zetu, mengi hukata kwenye 180.

Kama magurudumu yanateleza kila anapoondoka, klachi zinaisha kabla ya wakati, au anayeendesha ni mgeni wa usukani, basi ni nguvu. Wengi wanaokuja wakisema "punguza nguvu" wanaondoka na kikomo cha mwendo peke yake, na kinawatosha. Ni kazi ndogo zaidi, na haimnyang'anyi dereva kitu anapopanda kilima.

4. Gari langu linafaa?

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haifai. Pampu yake ya mazutu inadhibitiwa kwa mashine tupu. Hakuna jedwali la kushusha. Kiasi cha mafuta hurekebishwa kwenye pampu yenyewe, nayo ni kazi ya fundi wa pampu mwenye benchi ya kupimia. Hiace au Prado yenye 1KD-FTV ya lita 3.0 ina mfumo wa kielektroniki na inafaa.

Kwa magari ya esansi (petroli), fungua boneti utazame kama kuna waya wa chuma unaotoka kwenye pedali hadi kwenye mlango wa hewa. Ukiwapo, mguu wa dereva ndio unaofungua hewa, na kompyuta haina namna ya kumkatalia. Gari kama hilo tunaliwekea kikomo cha mwendo au cha mizunguko, basi.

Usidanganyike na soketi ya skana chini ya dashibodi. Karibu kila gari la miaka ya karibuni linayo, lakini kusoma hitilafu ni jambo moja na kuandika programu ni jingine. Kompyuta nyingine za magari ya Japani zinataka kutolewa na kufunguliwa mezani, na nyingine haziandikiki kabisa.

## Kazi yenyewe

5. Gari likifika mnaanza na nini?

Tunaanza na afya yake. Skana, filta ya hewa, mipira ya turbo, kisha mwendo wa kweli barabarani huku tukirekodi namba. Gari lenye hitilafu haliguswi programu, kwa sababu baadaye hakuna atakayejua kama ugonjwa ni wa zamani au umeletwa na sisi.

Kisha tunasoma programu, tunahifadhi nakala ya asili (tazama namba 9), tunabadilisha, tunasahihisha jumla ya uhakiki ambayo kompyuta hutumia kujikagua, tunaandika. Jumla hiyo ikikosewa, injini inaweza kukataa kuwaka. Mwisho tunarudi barabarani kurekodi upya, na karatasi ya namba za kabla na baada unapewa wewe.

6. Mnashusha nini hasa ndani ya programu? Fundi mwingine ameniambia atapunguza mafuta tu.

Swali hili ndilo la maana kuliko yote, kwa hiyo tuvumilie kidogo.

Kwenye injini ya mazutu yenye turbo, tunashusha torki inayoruhusiwa kwa kila kiwango cha mizunguko, na kuhakikisha mafuta na shinikizo la turbo vinashuka kwa mpangilio mmoja. Kupunguza mafuta kwenye mazutu hakuunguzi kitu. Injini hiyo huishi vizuri na hewa ya ziada. Hatari ni kinyume chake: fundi anashusha turbo na kuyaacha mafuta yalivyo. Hapo hewa haitoshi, moshi mweusi unatoka, na joto la egzosi linapanda mpaka linaumiza turbo.

Kwenye esansi mambo yanageuka. Kinachopunguzwa ni hewa: mlango wa hewa usifunguke kupita kiasi fulani, na kama kuna turbo, shinikizo lishuke. Esansi itafuata yenyewe, maana kompyuta huihesabu kulingana na hewa iliyoingia. Fundi anayepunguza esansi na kuiacha hewa anaifanya injini iungue mchanganyiko mkavu wakati imebeba mzigo. Joto linapanda, injini inagonga, pistoni zinatoboka. Yule anayechelewesha cheche ili kuua nguvu naye anaharibu, ingawa polepole: moto unawakia kuelekea kwenye egzosi, na valvu na katalaiza ndizo zinazolipa. Ukisikia mojawapo ya njia hizo mbili, chukua ufunguo wako uondoke.

Kuna pia wanaolainisha pedali tu. Gari linaonekana zito mguuni, lakini ukikanyaga hadi chini nguvu zote zipo. Kwenye foleni za mjini ni jambo zuri, ila lisiuzwe kwa jina la kikomo.

Jambo la mwisho ni majedwali ya ukaguzi. Kompyuta za kisasa zinalinganisha torki iliyoombwa na ile inayokadiriwa kutoka. Ukishusha jedwali moja na kuyasahau mengine, taa inawaka na gari linajifungia (namba 16).

7. Nipunguze kiasi gani?

Kumbuka kwanza kwamba Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo imekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Vitz au IST yenye watu watano na mizigo haina cha kupunguziwa, na tunakataa kazi hiyo.

Kwa Hiace za abiria tunashauri kikomo cha mwendo peke yake. Gari hilo hujaa kupita viti vyake, na mwenye gari anajua hivyo tunavyojua sisi. Kwa pikapu za turbo zinazotumika na kampuni, tunaanza na upungufu mdogo unaogusa mizunguko ya juu tu, shofere anafanya nalo kazi ya kawaida juma zima, ndipo tunaamua kama tushuke zaidi.

8. Umeme ukikatika katikati ya kuandika?

Kompyuta ya gari inaweza kufa, na mara nyingine kuifufua kunahitaji kuifungua mezani. Kwa sababu hiyo hatuutegemei umeme wa ukutani. Kompyuta mpakato inafanya kazi kwa betri yake iliyojaa, na betri ya gari inasaidiwa na chaja inayoshika volti bila kuyumba wakati wote wa kazi. Taa, feni na redio vinazimwa. Uliza fundi yeyote kuhusu chaja hiyo kabla hajachomeka waya. Asipokuwa nayo, msubiri ainunue.

Vifaa vya bei ya chini vilivyoigwa navyo vimeua kompyuta nyingi kwa kukatiza kazi njiani. Bei ya kompyuta nyingine, pamoja na kuilinganisha na ufunguo, inazidi mbali kile ulichookoa.

9. Programu ya asili ni ya nani?

Ni yako. Dai nakala siku hiyo hiyo, na uiweke mahali pawili, kwa mfano kwenye flashi na kwenye barua pepe yako, ikiwa na namba ya shasi na tarehe. Ile ya asili peke yake ndiyo inayorudisha gari lilivyokuwa. Faili ya gari "linalofanana" iliyotafutwa mtandaoni inaweza kuwa ya toleo jingine la programu.

## Mafuta, injini na barabara

10. Nitaokoa mafuta?

Kwa kupunguza mwendo, ndiyo. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 100 hadi 120 unaongezeka kwa asilimia 44, na nguvu ya kuushinda inaongezeka kwa asilimia 73. Shofere aliyezoea 120 kwenye barabara ya Kolwezi akifungiwa 100, pampu itakuonyesha tofauti.

Kwa kupunguza nguvu tu, usiahidiwe mengi. Kazi ya kusogeza tani mbili haibadiliki kwa sababu ya jedwali. Gari lililobanwa kupita kiasi linaweza hata kunywa zaidi, kwa kuwa dereva anabaki kwenye gia za chini akilisukuma. Na mafuta yanayoisha gari likinguruma limesimama, au yanayotolewa kwenye tangi usiku, programu haiwezi kuyazuia.

11. Injini itaishi zaidi?

Klachi, giaboksi, turbo na shafti zitakushukuru, kwa kuwa torki ndiyo inayozichosha. Injini yenyewe inategemea zaidi oili na hewa. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi la hapa linaziba filta haraka, na vumbi linalopenya linasaga silinda iwe nguvu zimepunguzwa au la. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, anunue filta halisi na abadilishe oili mapema.

12. Gari litachemka au kutoa moshi?

Kazi ikifanywa kama ilivyoelezwa namba 6, joto na moshi vinapungua. Kuchemka baada ya kazi ni dalili ya kosa au ya ugonjwa uliokuwapo.

Tahadhari moja kwa magari ya mazutu yenye chujio la masizi kwenye egzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto kali linalokaribia digrii 600. Gari linalotembea polepole mjini siku zote hushindwa kulifikia, na kulipunguza nguvu kunaweza kuzidisha tatizo. Lipatie safari ndefu mara kwa mara.

13. Si hatari wakati wa kulipita lori?

Ni hatari kweli, na sisi tunaipa uzito kuliko mafuta na klachi. Barabara ya Kasumbalesa imejaa malori yanayobeba shaba na kemikali za migodi. Tuchukue lori linalokwenda 60. Kulipita, ukihesabu urefu wake na nafasi ya mbele na nyuma, kunahitaji ulitangulie kwa mita 60 hivi. Ukienda 80 unatumia karibu sekunde 11 na mita 240 za barabara. Ukienda 100 unatumia sekunde 5 na nusu na mita 150. Na hapo hatujamhesabu anayekuja mbele yako.

Kwa hiyo hatufungi gari la safari chini ya 90, na hatuweki kikomo kinachokata ghafla. Nguvu zinapungua taratibu mwendo unapokaribia kikomo, ili dereva asikie gari linachoka na arudi nyuma ya lori mapema. Kikomo kinachokata kama swichi, gari likiwa upande wa kushoto wa barabara, kinaweza kuua watu.

## Shofere, familia na kampuni

14. Mnaweza kuweka kikomo bila shofere kujua?

Tunaweza, lakini hatufanyi. Soma tena namba 13 ukijiweka kwenye kiti cha mtu ambaye hajaambiwa. Shofere anaitwa, anaendesha gari na fundi pembeni, anasikia kikomo kinapoanza. Kibandiko chenye namba ya mwendo kinawekwa kwenye dashibodi, kwa kuwa kesho gari linaweza kushikwa na mtu mwingine. Ukiwa na wasiwasi na shofere wako, zungumza naye.

15. Kijana wangu ameanza kuendesha. Gari linaweza kuwa dhaifu kwake na la kawaida kwangu?

Kwa magari machache, ndiyo, na kiwanda ndicho kilichoyapa uwezo huo. Ford walileta mfumo wa MyKey kwa magari ya mwaka 2010, ambapo ufunguo mmoja hubeba masharti yake, kikiwemo kikomo cha mwendo. Toyota nyingi za hapa hazina kitu hicho, hivyo kikomo kinawahusu nyote wawili mpaka kiondolewe.

Wazo lenyewe ni jema. Ulaya, permi ya pikipiki ya daraja A2 huishia kilowati 35, na Italia huwawekea madereva wapya kikomo cha nguvu za gari. Ila kaa naye pembeni miezi ya kwanza. Hilo linamfundisha kuliko jedwali lolote.

16. Gari limepoteza nguvu bila mtu kuligusa. Kuna aliyelifungia?

Karibu kila mara ni gari limejilinda lenyewe. Kompyuta ikiona namba isiyoiamini, inashusha nguvu ili injini isiharibike, na mara nyingi taa ya injini inawaka. Tafuta mpira wa turbo uliochanika, filta ya mazutu iliyoziba, maji ndani ya mafuta, valvu ya kurudisha moshi iliyojaa masizi, au kisoma-shinikizo kilichokufa. Ukizima gari nguvu zikarudi kwa muda, ndiyo hiyo. Kufuta hitilafu kwa skana bila kutengeneza ni kuahirisha gharama.

17. Kikomo kinaweza kuondolewa na mtu mwingine?

Mwenye vifaa anaweza. Pia programu mpya ya kiwanda ikiandikwa, kikomo kinafutika. Kwa magari ya kampuni tunaisoma programu wakati wa kila sevisi na kuilinganisha na tuliyoiandika. Rekodi ya GPS nayo inasema ukweli wa mwendo bila kufungua chochote.

18. Karte roze na asiransi?

Programu haibadilishi ukubwa wa silinda wala farasi wa kodi walioandikwa kwenye karte roze (kadi ya gari), kwa hiyo usitegemee kulipa vinyeti (kodi ya gari) ndogo. Mweleze mwenye asiransi wako kwa barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ajali ikitokea, badiliko lililofichwa linaweza kutumiwa kukataa kulipa, hata kama badiliko lenyewe lilikuwa la usalama.

## Hali za nadra

19. Gari langu ni otomatiki.

Giaboksi ina kompyuta yake, nayo hupokea kutoka kwa injini taarifa ya torki ili iamue kubana kiasi gani na kubadilisha gia lini. Torki ikishushwa kwenye majedwali sahihi, taarifa inabaki ya kweli na gia zinaingia kwa ulaini. Ikishushwa kwa hila, gia zinapiga.

20. Kuna kijisanduku cha kuchomeka tu, kinafaa?

Vingi hubadilisha taarifa ya kisoma-shinikizo ili kompyuta iamini kitu kisichokuwapo. Hatuviweki kwenye gari lolote. Sababu ziko namba 6.

21. Nimenunua basi dogo kutoka Ulaya, haliendi zaidi ya 100. Niliondolee kikomo?

Pengine lilifungwa kwa sheria ya huko au na kampuni iliyokuwa nalo. Kabla ya kutuuliza, leta tairi na breki tuzione. Tairi ina herufi ya mwendo ubavuni: N ni kilomita 140 kwa saa, Q ni 160, na tairi zilizokaa miaka juani hazistahili hata hizo. Kama linabeba abiria, tutakuomba uliache lilivyo.

22. Nataka kuuza gari lililofungiwa nguvu.

Rudisha programu ya asili kwanza, halafu mnunuzi aliendeshe. Akitaka kubaki na kikomo, mpe faili zote mbili pamoja na karatasi ya namba za kabla na baada, na uandike jambo hilo kwenye hati ya mauzo. Asiyekuwa tena na faili ya asili atujie kabla ya kutangaza bei, kwa kuwa kulitafuta toleo sahihi kwa namba ya programu huchukua siku kadhaa, na mara nyingine halipatikani.